Siku Sita za Mgeni na Siku 359 za Mwenyeji

(Hotuba iliyosomwa na Karani mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kuchapishwa kwa idhini ya Halmashauri)



Halmashauri imenipa kazi ya kueleza habari za msafara wa tiba ya viungo uliofika nyumbani kwetu, kandokando ya mto Tana, ambao niliufuata kwa kujitolea muda wa siku sita za likizo yangu. Naishukuru Halmashauri kwa heshima hiyo. Wengi wenu mmekwisha kusikia habari nusu nusu, sokoni na mazishini: kwamba wageni walikuja, kwamba waligawa magongo na viti, kwamba waliondoka. Hayo yote ni kweli. Lakini habari iliyo kubwa si kuja kwao wala kuondoka kwao. Habari iliyo kubwa ni yale yanayotupasa sisi baada ya vumbi la magari yao kutulia, nami nimesimama hapa kwa ajili ya hayo.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya tiba yenyewe. Daktari mpasuaji huokoa roho ya mtu. Akimaliza kazi yake, na jeraha likapona, mtu huambiwa aende nyumbani. Lakini nyumbani anakwenda kufanya nini, ikiwa hawezi kusimama, wala kuketi, wala kufikisha kijiko kinywani? Hapo ndipo ianzapo kazi ya pili, ambayo wataalamu wa siku hizi huiita utengamao: kumrudishia mtu uwezo wa kuishi na wenziwe na kufanya shughuli zake, kwa mazoezi ya viungo, kwa plasta, kwa magongo, kwa mguu wa bandia, kwa kiti cha magurudumu, na kwa kuwafundisha watu wa nyumba yake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao bilioni 2.4, yaani mmoja katika kila watatu duniani, walikuwa na hali ya mwili ambayo tiba ya namna hii ingewafaa. Shirika hilo hilo lasema kwamba katika baadhi ya nchi zenye kipato cha chini na cha kati, zaidi ya nusu ya wanaoihitaji hawaipati, na kwamba katika nyingi za nchi hizo wataalamu wenye ujuzi hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja.

Msiwadhanie watu hao kuwa wa mbali. Wapo wazee wetu waliopatwa na polio utotoni, kabla chanjo haijaenea. Bara la Afrika lilitangazwa tarehe 25 Agosti 2020 kuwa limeepukana na virusi vya asili vya polio, nasi tulifurahi. Lakini tangazo halinyooshi mguu uliokwisha kunyauka. Wapo vijana waliovunjika katika ajali za pikipiki. Wapo waliokatwa miguu kwa sababu ya kisukari, na wapo walioshikwa na mamba walipokwenda kuteka maji. Wapo watoto waliochelewa kulia siku ya kuzaliwa, ubongo wao ukadhurika, na sasa viungo vyao hukakamaa. Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Hakuna aliyeketi katika ukumbi huu awezaye kuapa kwamba habari hii haimhusu.

Sasa nieleze msafara ulivyokuwa. Tulikuwa na wataalamu wawili wa mazoezi ya viungo kutoka Uingereza, wote wawili akina mama, waliojilipia safari yao; fundi mmoja wa viungo bandia, Mkenya mwenzetu; muuguzi; madereva; na mimi, karani na mkalimani. Tulipita Malindi, tukafika Garsen, na kila siku tulifungua kazi mahali pengine, mara katika zahanati, mara katika darasa la shule, mara chini ya mwembe. Watu walikuja kwa miguu, kwa pikipiki, kwa mikokoteni ya punda, na wengine walibebwa mgongoni na mama zao, ijapokuwa walikwisha kuwa na umri wa miaka kumi.

Nataka wanachama wajue kwamba kujitolea katika kazi hii si lazima mtu awe daktari. Mwenye ujuzi wa mwili wa binadamu ni mmoja au wawili. Waliobaki wote huwafanyia njia. Yupo apangaye watu ili aliyefika alfajiri asipitwe na aliyefika adhuhuri. Yupo apimaye urefu wa magongo na kuyakata kwa msumeno. Yupo ashikaye mtoto mikono miwili anapofungwa plasta. Yupo achemshaye chai. Mtu yeyote mwenye subira na kauli njema anayo nafasi.

Tena kuna kazi ya ukalimani, ambayo watu huidharau. Mtaalamu alisema kwa Kiingereza. Mimi niligeuza kwa Kiswahili. Na penye wenzetu Waorma, kijana mmoja wa pale alikigeuza Kiswahili changu kwa Kiorma. Maneno yalipita mikono mitatu kwenda na mikono mitatu kurudi. Siku ya tatu aliletwa mzee aliyekatwa mguu chini ya goti baada ya kushikwa na mamba. Aliulizwa kama angependa kupimwa mguu wa bandia. Mzee alisema kwa muda wa kutosha kumaliza kikombe cha chai, nasi tukaletewa neno moja: “Amekataa.” Mtaalamu alikuwa tayari kumwita mwingine. Muuguzi wetu, mtu wa makamo, akasema, “Mtu hakatai kwa maneno mengi hivyo bila sababu. Tumwulize tena, polepole.” Ndipo tulipoelewa. Mzee alikwisha kuuona mguu wa bandia wa jamaa yake, ambao haukufaa kukanyagiwa bila kiatu. Alisema, “Msikitini huingii na kiatu. Na nikila na wenzangu, tunaketi chini. Mguu unaonitenga na wenzangu utanisaidia nini?”

Fundi wetu alipofahamishwa maneno hayo alicheka kwa furaha, kwa maana mzee alikuwa amefikiri sawasawa na waganga wa Bara Hindi. Mwaka 1968, katika mji wa Jaipur, fundi wa mikono aitwaye Ram Chander Sharma na daktari wa mifupa P. K. Sethi walitengeneza unyayo wa bandia kwa sababu ile ile. Watu wa kwao huketi chini, huchuchumaa, huvua viatu katika nyumba za ibada, na hulima mpunga penye maji. Unyayo ulioletwa kutoka Ulaya haukuyaweza hayo. Wao wakatumia mpira hasa, wakaupa umbo na rangi ya mguu wa mtu, uweze kukunjika na kukanyaga tope bila kiatu. Mguu huo umekwenda katika nchi nyingi zenye umaskini na vita. Mzee wetu alipimwa. Nawaomba mkumbuke kwamba kama tungeandika lile neno moja, “amekataa,” na kufunga ukurasa, tungalikuwa tumemhukumu mtu asiye na hatia.

Sasa naja kwenye jambo lililonifanya nisilale vema tangu nirudi.

Katika kila watoto 1000 wanaozaliwa, mmoja au wawili huzaliwa na mguu kifundo, yaani unyayo uliogeukia ndani na kuelekea juu. Mtoto hana maumivu wakati huo, na wazazi wengi husema atanyooka akikua. Hanyooki. Akianza kutembea hukanyagia ubavu wa mguu, na hatimaye mgongo wa mguu, ngozi ikawa sugu kama kisigino. Zamani dawa ilikuwa kisu kikubwa. Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa kisiwa cha Menorca aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani hadi alipofariki mwaka 2009, alionyesha njia nyingine. Mguu wa mtoto mchanga unyooshwe kwa mikono, polepole, bila nguvu, kisha ufungwe plasta kutoka kwenye paja hadi vidoleni. Baada ya wiki moja plasta ifunguliwe, mguu unyooshwe tena kidogo, ifungwe nyingine. Mara tano, mara sita, pengine saba, unyayo hurudi mahali pake. Kwa wengi hubaki mshipa wa kisigino, ambao hukatwa kwa tundu dogo tu, na plasta ya mwisho hukaa yapata wiki tatu. Hii ndiyo maana ya ule msemo wetu, udongo uwahi ungali maji.

Lakini sikilizeni yafuatayo. Mguu ulionyooka hutaka kurudi ulikotoka. Kwa hiyo mtoto huvikwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa ufito wa chuma, saa 23 kila siku kwa muda wa miezi mitatu; na baada ya hapo, kila usiku na kila alalapo mchana, hadi afikapo umri wa miaka minne au mitano. Wasiovaa viatu hivyo, miguu yao hupinda tena.

Fanyeni hesabu, wazee. Plasta ya kwanza hufungwa siku ya kwanza. Plasta ya pili hutakiwa baada ya siku saba. Msafara wetu ulikuwa wa siku sita. Maana yake ni kwamba watu wale wema, waliovuka bahari kwa fedha zao wenyewe, hawawezi kufunga hata plasta ya pili. Wanaweza kumtambua mtoto, kumfariji mama, na kumwandikia barua ya kwenda hospitali ya mjini. Waliobaki kufanya wiki sita za plasta na usiku wa miaka minne ni akina nani? Ni mama yule aliyembeba mtoto mgongoni, na ni sisi.

Kwa watoto wenye utindio wa ubongo hali ni hiyo hiyo. Mtaalamu alimwonyesha bibi mmoja namna ya kumketisha mjukuu wake wima anapokula, kidevu kikiinama kidogo, ili uji usiingie katika njia ya pumzi. Bibi alikuwa akimlisha amelala chali, kwa huruma, akidhani ndivyo apumzikavyo. Alionyeshwa pia kiti cha kumshikilia mtoto mgongo, kilichofanywa kwa maboksi ya karatasi yaliyopangwa na kugandishwa kwa uji wa unga wa ngano, kazi ambayo imefanywa sana nchini Zimbabwe. Kiti hicho hakina bei ila kazi ya mikono. Lakini lazima atokee mtu wa kukitengeneza na kukirudia mtoto akikua, na mtu huyo hawezi kutoka Uingereza kila miezi sita.

Na viti vya magurudumu je? Katika boma moja tulikikuta kiti kizuri kilichotolewa na wageni wengine, mwaka uliotangulia. Kuku alikuwa ametaga juu yake. Wenye nyumba hawakuwa wavivu wala wasio na shukrani. Kiti chenyewe kilikuwa cha aina ya hospitali, chenye magurudumu madogo mbele, na palipo mchanga magurudumu yale huzama kama jembe. Tairi lilipasuka, na hakuna duka la karibu lililokuwa na la kipimo kile. Tena kilikuwa kipana mno kwa kijana aliyepewa. Aliketi upande, akapata kidonda cha makalioni. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutoa mwongozo mwaka 2008 kwamba kiti cha magurudumu kisigawiwe kama blanketi: mtu apimwe, apewe kinacholingana na mwili wake na ardhi yake, pamoja na mto wa kukalia, afundishwe, na kiwepo cha kukitengenezea. Kiti kisichopimwa chaweza kumdhuru aliyepewa.

Ndugu zangu, simlaumu mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi tumepona mengi. Lakini wahenga hao hao walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nami nawaambia kwamba wageni wale walilishika jembe tangu siku ya kwanza. Walifanya kazi tangu asubuhi hadi taa za gari zikawashwa ili wamalize. Swali langu halihusu jembe lao. Lahusu jembe la mwenyeji.

Niliona swali hilo likiandikwa katika daftari. Daftari tulilopewa lilikuwa na safu za jina, umri, kijiji, ugonjwa, na kitu alichopewa mtu. Baada ya siku moja nilimwomba kiongozi wa msafara ruhusa ya kupiga mistari miwili zaidi. Katika safu ya kwanza niliandika, “Arudi lini?” Katika safu ya pili niliandika, “Nani atamfuatilia?” Kiongozi alikubali mara moja. Safu ya “Arudi lini?” ilijaa ukurasa hadi ukurasa. Safu ya “Nani atamfuatilia?” ilijaa mahali pachache tu, penye mwalimu wa shule au mhudumu wa afya wa kijiji aliyekuwa amesimama karibu. Kwingineko pote ni nyeupe.

Pengine mtasema kwamba kazi ya namna hii huwashinda watu wa kijijini. Historia yakataa. Wengi wenu mnacho, au mmekiona, kile kitabu kiitwacho Mahali Pasipo na Daktari. Mwandishi wake, David Werner, mwenyewe ana ugonjwa wa kudhoofisha misuli tangu utotoni. Mwaka 1981, katika kijiji cha Ajoya huko milimani nchini Mexico, yeye na wanakijiji walianzisha kazi iitwayo PROJIMO, ambamo walemavu wenyewe, wengi wao wenye elimu ndogo ya shule, walijifunza kutengeneza vyuma vya miguu, viungo bandia na viti, na kuwafundisha wazazi mazoezi. Mtoto alipelekwa kwa fundi ambaye naye aliketi katika kiti alichokitengeneza kwa mikono yake. Na hapa petu, Chama cha Walemavu wa Viungo nchini, kijulikanacho kwa herufi APDK, kilianzishwa mwaka 1958, na hapo Bombolulu, Mombasa, mwaka 1969 zikaanzishwa karakana ambamo walemavu wamefundishwa kazi za mikono na kujipatia riziki. Haya yalifanywa na watu walioambiwa kwamba hawawezi.

Wengine wataniuliza, “Serikali iko wapi?” Swali hilo ni la haki, nami sitaki tuliache. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 54, imetaja haki za watu wenye ulemavu, miongoni mwake kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa majina yasiyowadhalilisha, na kupata vifaa vya kuwasaidia. Sheria ya kwanza ya watu wenye ulemavu ilipitishwa mwaka 2003, na mpya mwaka 2025. Tangu mwaka 2013 hospitali zetu nyingi zimekuwa chini ya Serikali ya Kaunti. Basi tunao mlango wa kubisha, na tuubishe. Lakini hakuna sheria iwezayo kumvika mtoto viatu saa mbili ya usiku. Afisa wa Kaunti hatakuwapo. Jirani atakuwapo.

Bwana Mwenyekiti, sasa nitasema neno zito, nami naomba radhi kwa wazee kabla ya kulisema.

Chama chetu kina sifa njema, na sifa hiyo tumeipata makaburini. Hakuna mtu wetu aliyefia Mombasa akakosa gari la kumpeleka nyumbani. Hata mwaka wa mafuriko ya Novemba 2023, maji yalipokata njia, wanachama walichanga, na waliofiwa hawakuachwa peke yao. Hilo ni jambo la heshima, wala sitaki liguswe. Lakini nimefanya hesabu pamoja na Mweka Hazina. Fedha tunazotoa kwa gari moja la kusafirisha maiti kutoka hapa hadi nyumbani zatosha nauli ya mama na mtoto wake, kwenda na kurudi, kwa plasta zote tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Sisi ni hodari wa kuwasafirisha waliokwisha kufa. Je, tutashindwa kumsafirisha mtoto aliye hai, ili aje kutembea kwa miguu yake mwenyewe kwenda kutuzika sisi?

Kwa hiyo, kwa niaba ya Halmashauri, naweka mbele ya mkutano huu mashauri matano.

Kwanza, kila kijiji chetu kiwe na mfuatiliaji mmoja, mwanamume au mwanamke, atakayechaguliwa na watu wa kijiji chenyewe. Kazi yake si kutibu. Kazi yake ni kupita kila wiki mbili, kuuliza kama viatu vinavaliwa, kama kiti kina tairi, kama kidonda kimeanza, kama tarehe ya hospitali imefika, na kutuletea habari kwa simu.

Pili, liwepo fungu la nauli, lenye daftari lake mbali na lile la mazishi, ili mtu asije akasema kwamba la walio hai limekula la marehemu. Nauli ilipwe kwa kila safari, si kwa mkupuo, na mfuatiliaji athibitishe.

Tatu, tununue sanduku la spana, viraka, spoku na gundi, likabidhiwe fundi baiskeli mmoja wa Garsen na mmoja wa Hola. Fundi baiskeli akionyeshwa mara moja, aweza kutengeneza sehemu kubwa ya kiti cha magurudumu.

Nne, tuandike barua kwa Serikali ya Kaunti kuomba siku moja ya kudumu kila mwezi ya tiba ya viungo katika hospitali zetu, nasi tuahidi kwamba wafuatiliaji watawaleta watu siku hiyo. Siku inayojulikana ni bora kuliko msafara wa ghafula.

Tano, misafara ijayo tuipokee kwa moyo mweupe, lakini tuiandikie mapema yale tunayoyaomba: waje mwezi ule ule kila mwaka, wamfundishe mtu wa pale kila wanalolifanya, watuachie nakala ya daftari, wasilete vifaa visivyo na vipuri nchini, na wasipige picha ya mtu ila kwa idhini yake, au ya mzazi wake ikiwa ni mtoto. Kiongozi wa msafara wetu alipoyasikia haya alisema angefurahi kuandikiwa barua ya namna hiyo, kwa sababu mara nyingi hufika mahali wasijue wenyeji wanataka nini.

Na kwenu wazee wetu nina ombi la peke yake, lisilohitaji senti moja. Katika siku zile sita tulisikia habari za watoto ambao hatukuwaona. Jirani alinong'ona kwamba katika nyumba fulani yumo mtoto, lakini haonyeshwi, kwa kuwa watu husema amelaaniwa au mama yake alivunja mwiko. Mimi ni kijana. Nikisema hayo ni uongo, watu watanisikiliza kwa adabu, kisha wataendelea kufunga mlango. Lakini mzee wa gasa akisimama barazani na kusema kwamba mguu kifundo si laana, kwamba mtoto aliyekakamaa aliumia katika kuzaliwa na mama yake hana kosa, mlango utafunguliwa siku ile ile. Neno lenu lina uzito ambao plasta haina.

Daftari nimeliweka hapa mezani pa Katibu. Sitayasoma majina, kwa kuwa shida ya mtu si ya kutangazwa. Nimenakili ya wale tu waliokubali yafikishwe kwenu, nayo yataonyeshwa kwa mfuatiliaji wa kijiji husika na si kwa mwingine. Kwa mpango wa sasa mtoto mdogo kuliko wote katika daftari hilo anatakiwa hospitali Jumatano ijayo kwa plasta yake ya tatu. Mbili za kwanza nauli yake ililipwa na muuguzi wetu kutoka mfukoni mwake. Ya tatu haijapata mlipaji, na katika safu ile ya mwisho, mbele ya jina la mtoto huyo, hapajaandikwa kitu.

Mwaka una siku 365. Wageni wametupa sita. Zilizobaki, 359, ni zetu. Naomba mkutano uyapigie kura mashauri haya leo, kabla ya chakula, na wale walio tayari kuwa wafuatiliaji waje mezani waandike majina yao.